Siina Bado Hajarudi

Enzi zetu karata zilikuwa na harufu. Nasema na ninyi wenzangu mliokulia Karagwe na Kyerwa, maana ndio mtakaonielewa bila kuchorewa ramani. Pakiti moja ilikaa kijijini miaka mpaka pembe zake zikawa laini kama sikio la mbuzi, na ukiisogeza puani ulisikia mafuta ya taa, jasho la mikono, ndizi mbivu, na zaidi ya yote kahawa, kwa sababu waliocheza ndio hao hao waliokuwa wakiianika. Karata moja ikipotea, pakiti haikutupwa. Ilikatwa nyingine kwenye boksi la sabuni, ikachorwa kwa kalamu, na kijiji kizima kikajifanya hakioni kwamba mgongo wake una rangi tofauti. Siku hizi napita Kayanga namkuta kijana amekaa peke yake barazani anacheza karata na simu, na akishindwa anaizima. Enzi zetu aliyeshindwa hakuwa na cha kuzima. Alikaa pale pale akasimangwa mpaka jua lilipozama, na kesho yake akarudi.

Ila mimi karata nilizikuta nikiwa tayari msichana mkubwa wa kidato cha kwanza, na nilizikuta nikiwa sina mtu. Kwetu ni Bugomora, upande wa Kyerwa, na sisi tulikuwa watu wa ng'ombe. Nakumbuka asubuhi za kule, umande unalowesha sketi mpaka magotini, moshi wa samadi umetanda juu ya zizi, vyombo vya maziwa vimefukizwa kwa nyasi hata maziwa yenyewe yanakuja na ladha ya moshi. Chai yetu ilikuwa maziwa, majani ya chai yalipita tu kusalimia. Jumapili tulikwenda kanisani miguu imepakwa samli, tunang'aa kweli kweli, na nzi wanatusindikiza mpaka mlangoni.

Baba hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake. Wakulima hunicheka nikisema hivyo, lakini mfugaji wa kwetu anajua kwamba kumnyooshea ng'ombe kidole na kumpa namba ni kuita hasara. Jioni baba alisimama upande mmoja wa lango la zizi na mimi upande wa pili, ng'ombe wakapita katikati yetu na pembe zao ndefu. Hakuniuliza wamefika wangapi. Aliuliza, "Nani hajarudi?" Na mimi nilitakiwa kujua. Bihogo, yule mwekundu wa kukoza, amepita. Gaju wa rangi ya udongo amepita. Kyasha mwenye doa kwenye paji la uso amepita. Ukizoea, macho yako hayahangaiki na waliopo, yanamwona asiyekuwepo. Mara nyingi jibu langu lilikuwa moja, "Bado Siina." Siina alikuwa mweusi ti, mwema wa maziwa, mzito wa kurudi. Alibaki nyuma akila nyasi za mwisho kama mtu anayekomba sufuria. Baba hakumkasirikia. Alikuwa anasema, "Tumsubiri. Zizi halifungwi mmoja akiwa nje."

Mama alitangulia, baba akafuata, wote kwa ugonjwa ule ambao miaka ile watu waliutaja kwa kunong'ona. Matanga yalipokwisha ukoo ukakaa. Ng'ombe wengine wakachukuliwa na baba zangu wadogo, wengine wakapelekwa mnadani, na Siina alikuwa wa mnadani. Nilimwona akipandishwa kwenye lori akigeuza shingo kutazama nyuma. Sikulia. Nilikuwa sijalia hata makaburini, na watu walishaanza kusema mtoto huyu ana moyo mgumu. Mimi nikapelekwa Chonyonyo, wilaya ya Karagwe, kwa kaka wa mama, mjomba Rwekaza, "mpaka Krismasi, kisha tutaona." Aliyewahi kuwa yatima anajua uzito wa hiyo "tutaona."

Chonyonyo ni nchi ya migomba. Mimi niliyetoka mahali ambapo mvua unaiona ikiwa bado ng'ambo ya mpaka, niliingizwa mahali ambapo jirani humwoni mpaka akohoe. Migomba kushoto, migomba kulia, chini mibuni, juu majani, na jua linakufikia vipande vipande. Chakula kilikuwa ndizi na maharage vimepikwa pamoja, asubuhi kiporo chake, jioni kingine kipya. Leo nakipenda chakula hicho kuliko vyote duniani na nakitafuta kila niendako. Wakati ule nilikitazama nikaona hakuna hata tone la maziwa, nikasukuma sahani pembeni, nikaonekana najivuna.

Mke wa mjomba tulimwita Mama Koku, kwa jina la binti yake Koku aliyekuwa rika langu. Alikuwa mlokole wa kweli, wa wale wanaosimama kanisani kutubu hata dhambi walizoota usingizini. Kwake pombe ilikuwa dhambi, dansi dhambi, na karata ndiyo mama yao. Alikuwa na msemo, "Shetani hana shamba, shamba lake ni mikono isiyo na kazi." Basi mikono yetu haikukaa bure. Tulimenya ndizi, tulichuma kahawa, tuliteka maji, tulipalilia, na ukikaa dakika moja kupumua uliletewa maharage uchambue. Hakunipiga wala hakuninyima. Aliniuliza hili na lile, nami nikamjibu kwa kichwa, ndiyo au hapana, kama mjusi wa ukutani. Maneno yalikuwa yamenikauka. Shuleni pia nilikaa dawati la nyuma, na wenzangu walinipa jina la Bubu.

Siku moja namenya ndizi nyuma ya jiko nikamsikia akimnong'oneza mjomba, "Baba Koku, sisemi ni mtoto mbaya. Lakini hacheki, hasemi, hali. Moyo wake uko kwenye ng'ombe. Krismasi ikipita tumrudishe kwa baba zake wadogo, labda kule atapona." Mjomba akasema tutaona. Na mimi, niwaambie ukweli, siku ile neno hilo halikuniuma sana. Kukaa na kuondoka kulikuwa sawa kwangu. Nilijua tu kwamba kwa wale baba wadogo hapakuwa na zizi langu tena, palikuwa na jiko la kupika na mume wa kutafutiwa haraka.

Sasa njooni kwenye karata. Sketi yangu ya shule ilichanika nikivuka senyenge, Mama Koku akanituma kwa fundi cherehani aliyekaa kwenye baraza la duka, karibu na ghala la kahawa. Fundi huyo aliitwa Fidelisi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na nguo chache zilizokwisha kwa wakati. Ukimpelekea sare Januari uliombea uivae Pasaka. Sababu ilikuwa wazi kwa kila apitaye, meza yake ya kukatia vitambaa ilikuwa na karata kuliko vitambaa. Pale walicheza albastini, wawili kwa wawili, mwenzio anakaa mbele yako na hamruhusiwi kusemezana wala kukonyezana. Ree ndiyo kubwa, saba inaifuata, na turufu inakula zote. Alama waliweka kwa punje za kahawa ya maganda, upande huu na upande ule.

Nilisimama na sketi yangu mkononi. Fidelisi alikuwa anashindwa, na Fidelisi akishindwa husikika mpaka kanisani. "Ree ya shupaza iko wapi?" akawa anauliza hewani. "Imeshatoka au haijatoka? Jamani mimi nazeeka." Wenzake wakamcheka, kila mmoja akisema lake, imetoka, haijatoka. Mimi nilikuwa nimetazama karata zikipita mezani moja moja, na kumbe macho yangu yalikuwa yamesimama langoni bila mimi kuyatuma. Nikasikia sauti inasema, "Bado. Mweusi bado hajarudi." Ilikuwa sauti yangu. Mkono uliofuata ree ya shupaza ikatoka, na Fidelisi akaacha karata zake akanitazama kama mtu aliyesemeshwa na cherehani.

"Wewe kaisiki, msichana wewe, umehesabu?"

"Sihesabu," nikamjibu. "Naangalia nani hajarudi."

Hapo hapo mvua isiyo na adabu ikaanza, ile ya msimu wa kahawa inayokuja bila kunguruma. Mmoja wa wachezaji akaruka kwenda kuzoa kahawa yake aliyoianika kwenye turubai, na kiti kikabaki wazi. Fidelisi akakitazama kiti, akanitazama mimi, akasema, "Kaa, waitu. Mvua ikiisha utaondoka." Nikakaa. Mvua iliisha na mimi sikuondoka.

Sijui nielezeje furaha ile kwa mtu ambaye hakuwahi kukaa kimya miezi mingi. Mezani pale hakuna aliyeniuliza baba yako alikufa na nini. Waliniuliza mbona umetoa turufu mapema. Hilo swali lilikuwa na jibu, na nilijibu, tukabishana, na nikawa najisikia nikibishana, nikashangaa kwamba bado ninaweza. Kila jioni nikitoka shule na jembe begani na ndoo kichwani, maana enzi zetu mwanafunzi alikwenda shule na vyombo kama anahama, nilipitia baraza la Fidelisi kuulizia sketi. Sketi ile iliulizwa mpaka ikachoka. Nilijifunza kwamba saba haitolewi kabla ree haijatoka, la sivyo inaliwa, na hiyo ilikuwa ndiyo amri ya kwanza ya Fidelisi. Nilijifunza kumsoma mwenzi aliye mbele yangu bila kumtazama usoni. Na kwa kuwa majina ya karata yalinipiga chenga mwanzoni, nikazipa ninayoyajua. Ree ya kopa ikawa Bihogo, ree ya uru Gaju, ree ya pau, na lile doa lake katikati, Kyasha. Ree ya shupaza, nyeusi peke yake kwenye uwanja mweupe, haikuwa na jina jingine ila Siina.

Wazee wale walicheka mwanzoni. Kabla ya mwezi kuisha wakawa wanayatumia. Ungemsikia mtu mzima mwenye wajukuu anapiga karata mezani, "Gaju huyo, mpisheni." Mimi nacheka mpaka mbavu zinauma. Shuleni nikahama dawati la nyuma, na jina la Bubu likafa lenyewe kwa kukosa mtu wa kuitwa. Novemba senene walipoanguka, nilikimbia na wenzangu na gunia, tukawakamata kwenye majani yenye ukungu, tukawanyonyoa mabawa na miguu huku tunapiga soga, nikala ndizi na senene wakavu wa kukaangwa kwa mafuta yao wenyewe nikaomba nyongeza. Mama Koku alinitazama nikipokea sahani ya pili. Jioni ile aliimba jikoni.

Na hapo ndipo woga uliponiingia. Kwa mara ya kwanza tangu baba afe, nilikuwa na kitu cha kupoteza. Nilitaka kubaki Chonyonyo. Nilitaka ndizi zile, njia ile ya shule, baraza lile, na hata yule mama na mikono yake isiyotulia. Lakini mlokole akijua kwamba mtoto wa watu aliyepewa amlee anacheza karata na wanaume barazani, hiyo "tutaona" ingekuwa imekwisha kuonwa. Koku alijua na akaninyamazia. Nilipochelewa alisema nimekwenda kuteka maji, na alikwenda kuteka yeye.

Basi kulikuwa na desturi, sijui kama bado ipo. Kila siku ya pili ya Krismasi, Chonyonyo na Rugu walikutana kwa albastini, mwaka huu kwao, mwaka ujao kwetu, na mshindi anaondoka na mbuzi. Mwaka ule ilikuwa zamu yetu. Mwenzi wa Fidelisi siku zote alikuwa mzee aitwaye Ta Kalori, mchezaji hodari, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuona kopa na uru ni kitu kimoja. Wiki moja kabla ya sikukuu akainuka kwenye kiti chake, akanishika bega, akasema, "Mwana wange, kaa wewe. Mimi nitakula mbuzi tu." Fidelisi akaniambia bila mzaha, na si kawaida yake, kwamba nisipocheza mimi hachezi na mtu.

Sikulala vizuri siku zile. Ukoo ulikuwa ukutane baada ya mwaka mpya kuamua niende wapi, na kucheza mbele ya kata mbili ilikuwa sawa na kumpelekea Mama Koku habari kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini nilijua pia kwamba nikikaa ndani siku ile, nitarudi kuwa yule mjusi wa ukutani. Nilikwenda.

Watu wa Rugu walikuja kwa baiskeli wakiwa wamechomekea. Wachezaji wao walikuwa mapacha, Isingoma na Kato, wanaume wazima wenye nyuso zilizotoka kwenye kinu kimoja, na malalamiko ya kila mwaka yalikuwa kwamba wale hawahitaji kukonyezana, walishapanga tumboni mwa mama yao. Pakiti ilikuwa mpya, imefunguliwa mbele ya wote. Waliponiona wakacheka. "Chonyonyo mmeishiwa wanaume?" akauliza Isingoma. Fidelisi akamjibu, "Wanaume wapo. Tumeona tuwape nafasi."

Ulikuwa mchezo mrefu. Punje za kahawa zilikwenda kwao, zikarudi kwetu, zikaenda tena, mpaka tukafika mkono wa mwisho tumelingana. Watu walikuwa wamepanda hadi kwenye madirisha ya ghala. Turufu zote zilikuwa zimetoka. Karata zilizobaki mikononi zilikuwa chache, na zamu ya kutoa ilikuwa yangu. Nilikuwa na saba ya shupaza na takataka za uru. Siina hajarudi. Kama yuko kwa mmoja wa wale mapacha, nikitoa saba yangu inaliwa na mbuzi anapanda baiskeli kwenda Rugu. Kama yuko kwa Fidelisi, mchezo umekwisha.

Nikiwa bado nawaza, kelele zikakatika. Watu walipisha njia, na katikati ya njia alikuwa Mama Koku, na kitenge chake cha kanisani na mwavuli mkononi. Mtu alikuwa amekwenda kumwambia. Fidelisi akaanza kukusanya sindano zake mezani kana kwamba alikuwa anashona. Mama Koku hakumtazama. Alinitazama mimi, na karata mkononi mwangu, na nikaona midomo yake inatikisika kama ya mtu anayetafuta andiko.

"Asimwe," akasema. "Ni wewe niliyekusikia ukicheka tangu kule kisimani?"

"Ni mimi," nikasema. Kweli nilikuwa nimecheka sana siku ile.

Mama Koku alizitazama tena karata mkononi mwangu. Kisha akasema, "Maliza ulichoanza. Sipendi kazi iliyoachwa njiani." Akasimama pale pale, mwavuli ameukunja kifuani.

Niliinamisha macho mezani, nikasimama langoni kama zamani. Isingoma alishaonyesha hana shupaza, alipotupa karata ya jamii nyingine zilipotolewa. Kato alikuwa amemwachia Fidelisi bibi wa shupaza mkono uliokuwa umejaa alama, mkono ambao mwenye ree asingekubali uende. Na Fidelisi mwenyewe, maskini, alikuwa anatazama paa la duka kwa bidii kuliko inavyohitajika. Anayeficha ng'ombe wa watu kichakani husimama mbele ya kichaka na kutazama mbinguni. Nikaivunja amri ya kwanza. Nikaweka saba mezani, na baraza zima likaguna.

Isingoma akatupa takataka. Fidelisi akashusha macho kutoka paani, akachomoa karata moja polepole, akaiweka juu ya saba yangu kwa mikono miwili. Nyeusi, peke yake, kwenye uwanja mweupe.

"Siina karudi," nikasema, na nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, mbele ya Chonyonyo na Rugu, kilio kilichokuwa kimekaa ndani tangu makaburini. Watu walioanza kushangilia wakanyamaza. Mama Koku akaja, akamsogeza Fidelisi kwenye kiti chake kama anasogeza gunia, akakaa. "Siina ni nani, mwana wange?" akauliza. Nikamwambia. Nikamwambia lori, na shingo iliyogeuka, na lango la zizi, na baba akiuliza nani hajarudi. Nilisema siku ile kuliko nilivyokuwa nimesema mwaka mzima, na wale mapacha wa Rugu walikaa wakasikiliza mpaka mwisho, Kato akijifuta macho kwa kola.

Nilipomaliza, Mama Koku alikung'uta kitenge chake. "Twende nyumbani," akasema. "Kuna ndizi za kumenya." Mbuzi Fidelisi alinipa mzima, alikuwa jike, akasema yeye hajui kuchunga kitu chochote ila deni la sketi. Wapenda nyama wa Chonyonyo hawakutusamehe kwa muda mrefu. Mama Koku alimtazama mbuzi yule aliyepatikana kwa dhambi, akatazama mbinguni, akasema, "Mfunge pale kwenye mgomba, asile maua yangu." Jioni hiyo nilimsikia akimwambia mjomba, na safari hii hakunong'ona, "Ukoo ukikaa uwaambie mtoto haondoki hapa. Wa kwangu sigawi."

Karata nyumbani kwake hazikuingia, hilo msidhani. Ila kwenye sala ya jioni kikazaliwa kipengele kipya, tulikisikia kila siku huku mimi na Koku tunajibana tusicheke, "Bwana, umwepushe Asimwe na karata. Na kama bado hajawa tayari kuziacha, basi usikubali ashindwe na watu wa Rugu." Bwana alisikia sehemu ya pili.

Miaka imepita. Nimekuwa bibi mifugo, nazunguka mbugani kuchanja ng'ombe wa watu, na serikali inanitaka niwahesabu. Nawahesabu, lakini kwanza najikuna sikio na kuomba radhi kwa baba. Mbuzi yule alizaa, na wajukuu wake bado wanakula maua ya Mama Koku. Fidelisi alishona mpaka macho yalipomkataa, na siku aliyozikwa watu wa Rugu walikuja kwa baiskeli wakiwa wamechomekea.

Krismasi iliyopita nilikwenda Chonyonyo. Baraza la duka limewekwa vigae, na vijana wamejipanga kwenye benchi kila mmoja na simu yake, wamekaa pamoja kama watu wanaosubiri daktari. Niliwasalimia, wawili wakanipa shikamoo bila kuinua shingo. Nikasema moyoni basi, imekwisha. Nyumbani nikamkuta Mama Koku amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Haoni vizuri tena, na kwa kuwa haoni, wajukuu wamegundua kwamba wanaweza kucheza sebuleni ilimradi wasipige meza. Binti wa Koku, msichana wa rika nililokuwa nalo mimi, alinivuta mkono. "Mama mdogo, tumepungukiwa mmoja."

Nikakaa mbele yake, mwenzi wake. Alicheza vizuri, ana macho. Katikati ya mchezo akainua uso akasema, kama anavyosema kitu cha kawaida kabisa, "Angalieni, Siina bado hajarudi."

"Siina ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Ni hii ree ya shupaza, mama mdogo. Ndiyo jina lake. Hata Rugu wanaiita hivyo."

Sikumweleza siku ile. Enzi zetu tulikuwa na ng'ombe na hatukuwa na picha zao. Hawa wana picha za kila kitu, na ng'ombe mmoja wa Bugomora, aliyekwenda mnadani kabla hawajazaliwa, wanamwita kwa jina lake kila jioni bila kujua kwamba alikuwa hai. Baba angependa kusikia hilo. Msichana akasubiri zamu yake, akaiweka ree mezani polepole bila kupiga, kwa heshima ya bibi yake.

Lakini bibi haoni tu, masikio yapo. Mama Koku aligeuza kichwa kutoka mlangoni. Nilidhani sasa tutasikia habari za Shetani na shamba lake.

"Nani hajarudi?" akauliza.

"Wote tumerudi, mama," nikamjibu.

"Haya," akasema. "Fungeni mlango."